Wimbo wa Kuamka

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji wa rika langu asikae akisubiri mahali nitakapoonyesha ushujaa, maana hapatakuwepo. Wiki iliyopita nilikwenda kwenye ofisi moja hapa Dar, ghorofa ya saba, vioo kila upande, na pale mapokezi wamepanga vyungu sita vya majani marefu ya kijani yaliyochongoka kama ncha ya mkuki. Binti wa mapokezi akaniambia nikae kwenye kochi lililokuwa katikati ya vyungu vile. Nikamwambia nitasimama. "Mama, utasubiri sana, kaa tu," akasema, kwa upole kabisa. Nikasimama dakika arobaini, mtu mzima mwenye mtoto chuo kikuu, mkoba mkononi, kwa sababu majani yale ni masale, na mimi siketi katikati ya masale.

Kwetu Machame masale hayakai chunguni kupendezesha ofisi. Hupandwa mpakani, ili jirani ajue shamba lako linakoishia. Ukimkosea mtu unamletea jani la sale, naye hata awe na hasira ya kuua, hawezi kulikataa. Na hupandwa pale walipolala watu wenu waliotangulia. Nyuma ya banda la ng'ombe la bibi yangu, ndani ya migomba, palikuwa na duara la masale. Ndani yake alilala babu, na pembeni ya babu, kwenye kijinafasi kifupi, alilala shangazi yangu Ndeshi aliyekufa akiwa na miaka saba. Mimi nilipewa jina lake. Bibi hakuwa mtu wa hadithi wala wa kubembeleza. Alikuwa mrefu, mkavu, mvuta ugoro, na hata ng'ombe walimwogopa. Amri yake kwangu juu ya duara lile ilikuwa fupi: "Hapo hapachezewi, na hapo halali mtu aliye hai." Nilipokwenda kumkatia majani ya ng'ombe nilipita mbali na pale, macho chini, nikijua kwamba mle ndani kuna Ndeshi mmoja tayari.

Siku za shule tuliishi Moshi mjini, Majengo, vyumba viwili vya kupanga. Baba alikuwa karani kwenye ghala la kahawa. Ilikuwa miaka ile ambayo mitumba ilianza kumwagwa Kiboriloni kwa mafungu, redio za kaseti zikajaa madukani, na kahawa, iliyosomesha mlima mzima, ikawa haina maana tena. Wengine huko juu walianza kuing'oa. Nusu ya makarani walirudishwa nyumbani. Baba alibaki, lakini alibaki kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Akirudi kazini alikaa kwenye kiti chake bila kuwasha redio, na Mama alitufundisha kupita mbele yake kimya.

Kilichomfufua ni maigizo. Mjini palikuwa na kikundi cha watu waliopenda jukwaa kwa mapenzi tu, hakuna aliyelipwa: daktari wa meno, walimu wawili, muuguzi, na Bwana Salim wa benki, mtu wa Tanga, aliyetengeneza mandhari. Juu ya wote alikuwa Anti Gulshan. Mume wake alikuwa na duka la vitambaa, yeye alikuwa na kinanda, na alizungumza Kiswahili cha kasi chenye vicheko katikati. Kila mwaka waliigiza vichekesho vya watu wazima. Mwaka ule Anti aliamua kutunga mchezo wa nyimbo wa familia nzima, wazazi na watoto pamoja, na akamtafuta Baba kwa sababu ya sauti yake ya besi, ambayo alikuwa ameisikia akipita karibu na kanisa. Baba akaenda mara moja, akarudi akipiga mbinja. Jumamosi iliyofuata alinichukua na mimi.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kijiji kiko mteremkoni, mifongo, ile mifereji ya maji ya mlimani, imekauka, migomba inalala. Mlima unasema hautatoa maji mpaka aje mtoto mdogo kuliko wote alale miguuni pake. Wazee wanapinga, akina mama wanalia, mwisho mtoto anakwenda mwenyewe, analala, wanamlilia. Mlima aliuigiza Baba. Alisimama juu ya meza iliyofunikwa shuka jeupe, shuka jingine mabegani, na kichwani pamba ya hospitali iliyobandikwa kwa gundi iwe theluji. Mtoto nilikuwa mimi.

Nilichaguliwa kwa sifa moja tu. Anti alituambia watoto wote tulale sakafuni tusitikisike, na mimi, kwa kuogopa, sikutikisika kabisa. "Huyu!" akapiga makofi. "Huyu anajua kulala! Angalia, hata kope!" Baba alitabasamu mpaka pamba ikabanduka. Na kwa kuwa watoto wadogo wakipewa majina ya kuigiza husahau kuitika, Anti alitoa ruhusa kila mtoto aitwe jina lake mwenyewe. Ilikuwa busara, nakubali leo. Siku ile sikuwaza lolote, mpaka wale akina mama walipojifunga khanga viunoni, wakanizunguka, wakaanza kuimba, "Ndeshi, Ndeshi, umetuachia nani." Muuguzi yule alijua kulia. Alilia kama wanavyolia msibani hasa, kwa kuinua sauti na kuiangusha, huku akishusha mikono yake juu yangu. Nyumbani kwetu mtu akisema tu, "Nitakufa kwa njaa," Mama alimkemea asijichurie. Sasa watu wazima sita, wenye akili zao, walikuwa wananilia kwa jina langu, mchana, nikiwa nasikia.

Lakini si hilo lililoniharibu. Kilichoniharibu ni namna Anti alivyofanya kazi. Alitunga nyimbo kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine, kwenye karatasi za kufungia vitambaa, na hakuruka. Wimbo wa mwisho ulikuwa bado haujatoka kichwani mwake. Halafu ukumbi tulipewa mpaka saa kumi na mbili tu, maana saa hiyo waliingia watu wa mpira wa vinyoya, wenye raketi zao. Kwa hiyo kila Jumamosi tulianza mwanzo, tukaenda hivyo hivyo, na tukaishia palepale: mimi chini, akina mama juu yangu. Anti alifunga kinanda, akasema, "Basi, hapo ndipo tulipofika! Kesho kutwa nitapata kilichobaki." Wenzangu walikimbilia sambusa. Mimi nilibaki nimelala kidogo, nikisubiri aseme na mimi nifanye nini. Hakusema. Watu wazima wote walijua kwamba mwisho wa mchezo mtoto anaamka, wimbo ndio uliokosekana, na kwa kuwa wao walijua, walidhani na mimi najua. Hakuna aliyeniambia. Katika mchezo nilioujua mimi, mtoto analala, analiliwa, na ukumbi unafungwa.

Jumamosi ya nne Bwana Salim aliingia na madebe manane. Alikuwa ametafuta kitu cha kijani kisichonyauka haraka, akaona ua la mtu fulani njiani, akaomba, akakatiwa. Alipanga madebe yale kwa duara mbele ya meza ya Mlima, akarudi nyuma kutazama kazi yake. "Mteremko huo!" akasema. "Umeona? Mteremko kabisa." Niliona. Lilikuwa duara la masale, na katikati pamebaki nafasi fupi, ya urefu wangu.

Nililala mle, kwa sababu niliambiwa nilale. Nilinusa kutu ya debe na majani mabichi, na harufu ya kafuri kwenye shuka la Baba. Nilifumba macho nikajaribu kupumua kidogo kidogo, ili kama kuna kinachohesabu pumzi zangu, kisizione nyingi. Juu yangu Baba akaimba kwa besi, "Nipeni aliye mdogo, nipeni nami nitatoa," na sauti ile, ambayo nyumbani nilitamani kuisikia, ilipita kwenye mbao za sakafu ikaingia mgongoni mwangu.

Tulipokuwa tunarudi nilijaribu kumwambia. "Baba, yale ni masale."

"Ndiyo. Yamependeza, eh?"

"Bibi alisema mtu aliye hai halali mle."

Akacheka. "Bibi yako ni mtu wa zamani, Ndeshi. Yale ni majani. Sisi ni watu wa kanisa."

Tukatembea. Alikuwa amenishika mkono, kitu ambacho siku za wiki hakukifanya. Nikakusanya nguvu. "Baba, mimi nikishalala, halafu?"

"Halafu mvua inanyesha, maji yanashuka, watu wote wanafurahi!"

"Na mimi?"

Mtu akamsalimu kutoka ng'ambo ya barabara, akainua mkono kumjibu, kisha akanigeukia uso umejaa furaha. "Wewe? Bila wewe hakuna mvua."

Nilinyamaza. Naomba nieleweke: sikunyamaza kwa ujinga. Nilikuwa nimemwona baba yangu akikaa kwenye kiti kile, na nilikuwa namwona sasa akipiga mbinja barabarani, na katika akili yangu ya miaka saba mambo yale mawili yalikuwa na bei, na bei ilikuwa mimi. Nilimpenda sana. Na nilimwogopa, kwa sababu kumbe anaweza kufurahi hivyo.

Jumatano nikaanza kutetemeka. Mama alisema malaria tu, akanipa zile klorokwini chungu zinazowasha mwili mzima kama siafu, na mimi nikajua imeanza. Nililala wiki mbili, homa ikipanda na kushuka. Katika wiki hizo mbili Anti Gulshan alimaliza wimbo wake wa mwisho, akawafundisha wenzangu wote, wakaufanyia mazoezi na hatua zake. Alikuja kuniona, akaleta glukosi na soda ya machungwa, akakaa ukingoni mwa kitanda na bangili zake zikilia. Mama akamuuliza kama si afadhali apate mtoto mwingine.

"Hapana, hapana! Huyu hana maneno ya kusema," Anti akajibu, akanipapasa miguu juu ya blanketi. "Ndeshi, usiogope hata kidogo. Wewe lala tu. Mengine yote watafanya wenzako."

Niliyajua hayo mengine. Nilikuwa nimewahi kwenda msibani.

Siku yenyewe ilipofika homa ilikuwa imekwisha, na hilo lilinisikitisha. Mama alinivalisha gauni jeupe la mitumba alilolipata Kiboriloni, lenye lesi shingoni, gauni zuri kuliko yote niliyopata kuvaa. Nilimuuliza kama nitakuwa nalivaa kanisani. "Hilo ni la leo tu," akasema, akiwa na pini mdomoni. Nikaenda kwa mdogo wangu Eli nikampa kikombe changu cha plastiki chenye mkono, na penseli, na nusu ya kifutio. Alivipokea bila kuuliza sababu. Nikamsamehe na deni lake la gololi.

Ukumbi ulijaa. Walikuja wafanyabiashara wa Kihindi na familia zao, walimu, watu wa kwaya ya Baba, watoto wamepakatwa hadi mlangoni. Nilichungulia kwenye pazia nikamwona Mama mstari wa mbele, na ubavuni pake, wima kama nguzo, kilemba cha bluu, fimbo katikati ya magoti, Bibi. Sikuelewa amefikaje. Alikuwa ameshuka mjini tangu asubuhi kwa shughuli zake, akapita Majengo, Mama akamwambia njoo umwone mjukuu wako anaimba. Sikufikiri kwamba amekuja kuniokoa. Bibi hakuwa wa kuokoa watu. Nilifikiri atanikuta nimelala pale alipokataza, na kabla sijafa nitachapwa.

Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri, watu wakacheka palipopasa. Kisha taa ikawekewa karatasi ya bluu, na Baba akasimama juu ya meza. "Nipeni aliye mdogo." Kinanda kikashuka chini. Miguu yangu ilinipeleka. Sijui hata leo kwa nini sikukimbia. Nadhani mwoga hasa ni yule anayeogopa hata kukimbia. Niliingia katikati ya masale, nikalala chali, nikaweka mikono kifuani kama nilivyofundishwa, na machozi yakateremka yakaingia masikioni. Watu wa mbele wakanong'ona, "Anaigiza huyo!"

"Ndeshi," akaanza muuguzi. "Ndeshi, umetuachia nani."

Wengine wakapokea. Nilihesabu, kilio kilikuwa na mizunguko mitatu, na baada ya wa tatu sikuwa najua kitu. Mzunguko wa kwanza ukaisha. Katika wa pili nikasikia fimbo ikigonga mbao. Ilikuwa inapanda ngazi za pembeni, taratibu, ngazi kwa ngazi. Sauti za akina mama zikaanza kupungua, mmoja mmoja, akabaki muuguzi peke yake, aliyekuwa amefumba macho.

"Nyamaza," Bibi akamwambia.

Akanyamaza. Kinanda nacho kikanyamaza. Bibi alikuwa amesimama ukingoni mwa duara, anatazama madebe, moja moja, mpaka akayamaliza yote manane. Mkono wake wa fimbo ulikuwa unatetemeka, na mimi sikuwahi kuona kitu chochote cha Bibi kikitetemeka. Nikaelewa kwamba na yeye anaogopa, na hapo ndipo hofu yangu ilipofika mwisho wa mwisho, maana kama Bibi anaogopa, basi ni kweli.

"Ndeshi nimeshamlilia mmoja," akasema, kwa Kiswahili, ili wasikie wote. "Wa pili simlilii."

"Mama," Baba akasema kutoka juu ya meza, kwa sauti ndogo. "Mama, ni mchezo."

Akamwinulia macho. "Wewe kaa kimya na hiyo pamba yako."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Kuna mtu alipiga mluzi. Bibi hakuwasikia. Alininyanyua kwa mkono mmoja, kama anavyonyanyua ndoo, akaniweka nje ya duara. Nyuma ya pazia, kwenye kinanda chake, Anti Gulshan alikuwa akipunga mikono, "Endeleeni! Endeleeni!" na Bibi akamgeukia.

"Wewe mama wa wimbo. Bila mtu kulala hapa mvua haiji?"

"Ndiyo, Bibi, lakini ni..."

"Basi."

Akainama, akashika debe moja kujizuia, akapiga goti, kisha jingine. Akatandika khanga yake, akalala chali katikati ya masale, fimbo ubavuni. Nafasi haikumtosha, miguu yake, na viatu vyake vya kanisani vilivyokauka udongo, ilitokeza nje ya duara. Nikamwendea kwa magoti nikamnong'oneza, "Bibi, toka, utakufa." Alikuwa anatazama juu, kwenye mabati ya ukumbi.

"Pana baridi kidogo," akasema. "Lakini panalalika." Kisha akafumba macho. "Waambie waimbe."

Wakaimba. Anti aliruka kilio kilichobaki akapiga kinanda kwa nguvu, na wenzangu wakaingia wakikimbia, wameshika kitambaa kirefu cha bluu kutoka dukani kwa mume wa Anti, wakakivuta jukwaa zima kikawa mfongo wenye maji. Na wakaimba wimbo ambao masikio yangu hayakuwahi kuusikia:

*Amka, mdogo wetu, maji yamefika,*
*mfongo unasema, migomba yaitika.*
*Amka, mdogo wetu, kumeshapambazuka.*

Nilikaa pale sakafuni, mdomo wazi. Kulikuwa na wimbo. Muda wote ule kulikuwa na wimbo, wanaujua Farida na Joeli na watoto wengine wote, na una hatua. Nataka kusema nilifurahi, lakini nilichohisi kwanza ni hasira, hasira ya kulia, na furaha ikaja nyuma yake. Wimbo ukaisha. Bibi hakuamka. Anti akawapa ishara warudie, wakarudia kwa sauti zaidi, na bado Bibi hakuamka, na nikaona Mama amesimama kwenye kiti chake. Nikamshika Bibi bega.

Akafungua jicho moja. "Wamemaliza?"

"Bibi, wanasema uamke."

"Uamke?" Akajiinua kwa kiwiko, akaitazama ile timu nzima, Mlima, akina mama na kinanda. "Sasa mbona hamkusema kama kuna kuamka?"

Sijawahi kusikia makofi kama yale, si Moshi wala penginepo. Watu walisimama. Bibi alikuwa ameuliza swali langu, neno kwa neno, mbele ya ukumbi mzima, na ukumbi mzima ulicheka.

Baadaye, watu walipokuwa wanatoka, Baba alimweleza Anti Gulshan maana ya yale majani na jina la yule shangazi. Anti alikaa chini kwenye ngazi za jukwaa, vipodozi vikimchuruzika. Kisha akachomoa jani moja kwenye debe, akauliza kitu sikioni mwa Baba, akaenda kwa Bibi akampa kwa mikono miwili. Bibi alilitazama sana jani lile. Akalipokea, kwa kuwa halikataliwi, akaliweka ndani ya kilemba chake. "Unapiga vizuri hicho kinanda," akamwambia. Tulirudi Majengo kwa miguu, na Eli akagoma kunirudishia kikombe.

Wahenga husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Siku ile kicheko kilikuja kwetu. Kilio kilikwenda Machame kabla masika hayajaisha.

Sina namna ya kuieleza hofu niliyokaa nayo baada ya hapo isipokuwa kusema ilikuwa hofu ya mwizi. Bibi alilala mahali pangu, akafa. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo, hata mtoto wa darasa la kwanza angeijua. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini, na Baba mwenyewe mgonjwa, siku aliponisimulia bila kuulizwa kwamba asubuhi ya mchezo Bibi alikuwa ametoka hospitali, na daktari alikuwa ameshamwambia kila kitu. "Alikuja mjini kunijulisha mimi," Baba akasema, "akanikuta nimevaa shuka." Alisubiri mpaka kesho yake ndipo akasema. Kwa hiyo alipopiga magoti kati ya madebe yale alikuwa anajua. Nililia sana siku hiyo, pengine kwa kupumzika. Lakini miaka ishirini na kitu ilikuwa imeshapita, na hofu ikishakaa mwilini muda huo haitoki kwa kuonyeshwa cheti.

Mazishi yalikuwa siku ya mvua ndogo. Kaburi lilichimbwa ndani ya duara, kati ya babu na Ndeshi wa kwanza, na safari hii nafasi ilimtosha. Anti Gulshan alikuja, amevaa nyeupe tupu, viatu vimezama kwenye tope la migombani, na muuguzi yule alikuja, na alipoanza kulia sauti ilikuwa ileile, ila haikuwa na mizunguko mitatu. Mchungaji alimaliza. Wanaume walishusha jeneza kwa kamba. Mimi nilikuwa mbele, nimeshika koti la Baba, na niliona kwamba watu wote wamesahau. Walikuwa wanalia tu, wamefika mwisho wa kilio, na sasa wanataka kufunga, kama zile Jumamosi. Nikaachia koti. Niliingia katikati ya masale kwa miguu yangu, nikasimama ukingoni, nikaanza kuimba, "Amka, mdogo wetu, maji yamefika."

Mama mmoja wa kwaya akasema, "Mnyamazisheni mtoto." Shangazi yangu mwingine akaninyooshea mkono. Nikaongeza sauti. Nilikuwa nimeusikia wimbo ule mara mbili tu, na mstari wa pili ukanipotea, nikarudia wa kwanza, na palepale nyuma yangu ikaingia besi. Baba alikuwa ameweka mkono kichwani pangu. Aliimba mfongo unasema, akaimba migomba yaitika, sauti imepasuka katikati lakini haikukatika, akanifikisha hadi kumeshapambazuka. Hakuna aliyetuzuia tena.

Wimbo ulipoisha nilimtazama Baba. Akatikisa kichwa kunikubalia, tukarudia, kwa sababu hata siku ile ilibidi warudie. Kisha tukanyamaza, yeye na mimi, tukasubiri. Wanaume walikuwa wameshika majembe, na walimtazama Baba wajue kama waanze. Baba aliinua kiganja kuwaambia bado kidogo.